Kipimo cha Kisomo na Kipimo cha Kazi: Viwango vya Elimu ya Watu Wazima Vikitazamwa kutoka Mbingu, Bonde la Kilombero

Katika Kiswahili kitenzi kupima hutumika kwa nafaka na kwa mtu bila kubadilika. Mpunga hupimwa kwa pishi, kwa debe na kwa mizani. Mwanafunzi hupimwa kwa mtihani. Fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake. Huenda upana huo wa neno umechangia kuficha kosa moja la miaka mingi katika elimu ya watu wazima nchini Tanzania, nalo ni kudhani kwamba mtu aliyekwisha kupimwa darasani amekwisha kupimwa na kwa ajili ya kazi. Vipimo hivyo viwili vilitungwa na watu mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali, na kila kimoja kina msamiati wake. Yafaa kuvilinganisha mahali ambapo kazi yenyewe yaonekana, na mahali pamoja pa namna hiyo ni Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, magharibi ya Ifakara, ambako watu hulima mpunga bondeni na kakao penye maji na kivuli.

Asili ya kipimo cha kwanza yajulikana sana na haina haja ya kusimuliwa kwa urefu. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Miaka mitatu kabla ya hapo, wakati wa kutangaza Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kueleza kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue. Wazee wao ndio wa kufundishwa kwanza. Mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965 ulileta fikira ya kisomo kinachofungamana na kazi, na kuanzia mwaka 1968 UNESCO na Serikali ya Tanzania zilianza kuijaribu katika mikoa ya Ziwa, makao yakiwa Mwanza. Vitabu vya kujifunzia herufi vilitungwa juu ya pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe na mambo ya nyumbani. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwezi Agosti 1975 mtihani wa kwanza wa taifa ukafanywa nchi nzima. Idadi ya wasiojua kusoma ilishuka hadi 39 katika kila 100, na kufikia mwaka 1986 ilitajwa kuwa 9.6.

Tarakimu hizo zimerudiwa mno katika vitabu na hotuba. Ngazi ambazo zilizaa tarakimu zenyewe ni nadra kutazamwa, na hapo ndipo penye jambo.

Ngazi zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyejiandikisha na kuhudhuria angalau theluthi mbili za masomo. Hakupimwa kitu kingine ila kuwapo. Ya pili ilimtaka mwanafunzi atambue maneno, aandike silabi, kisha asome na kuandika sentensi fupi na kujumlisha na kutoa tarakimu ndogo. Ya tatu ilimtaka asome habari nyepesi kwa ufasaha na kuielewa, aandike ujumbe mfupi, ajumlishe na kutoa hesabu za tarakimu tatu, azidishe na kugawanya kidogo. Ya nne ndiyo iliyogusa maisha: asome gazeti ili kujua yanayotukia, asome vitabu vya maelekezo ya kilimo na maisha bora, aweke hesabu ya mapato na matumizi yake. Lakini mtu alihesabiwa kuwa ajua kusoma tangu alipofaulu ngazi ya tatu. Maana yake ni kwamba mstari uliotenganisha mjuzi na asiyejua ulipigwa chini ya mahali ambapo kisomo kilikuwa kinakutana na kazi. Vitabu vya Mwanza vilijaa pamba na samaki, lakini mtihani ulipokuja ulipima silabi na kujumlisha. Kazi ilikuwa mapambo ya somo, haikuwa kipimo chake.

Si haki kuwalaumu watungaji kupita kiasi. Mtihani wa mamilioni ya watu, unaosahihishwa na walimu wa kujitolea vijijini katika siku chache, hauwezi kwenda shambani na kila mtahiniwa. Hata hivyo lilikuwapo jambo moja ambalo lingewezekana bila gharama kubwa, yaani kutumia katika mtihani karatasi zile zile ambazo mtu mzima hukutana nazo: stakabadhi ya ushirika, lebo ya mfuko wa mbolea, kadi ya kliniki, tiketi ya gari moshi. Kwa kiasi kikubwa mtihani ulipendelea sentensi za darasani.

Kipimo cha pili, kile cha kazi, kilikwenda njia yake peke yake. Majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza yaliwapima waashi, maseremala, mafundi umeme na makanika kwa kutenda. Mwaka 1973 agizo la Waziri Mkuu lilitaka kila mahali pa kazi pawe na masomo ya wafanyakazi, na kwa muda ilionekana kana kwamba njia mbili zingekutana katika viwanda na mashamba makubwa. Agizo hilo lilifanya kazi mahali pengine na kulala usingizi mahali pengine. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na baadaye ukaja utaratibu unaoitwa urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunza kazi kwa kushika nyundo chini ya fundi mwingine, bila kupita chuoni, huulizwa kwa mazungumzo, hutazamwa akitenda, kisha hupewa cheti kwa yale anayoyaweza na kufundishwa yale yaliyompungukia. Kuanzia mwaka 2016 mpango huo uliingizwa katika Mpango wa Taifa wa Kukuza Ujuzi. Hapana shaka hiyo ni hatua njema kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa humpokea mtu pale alipo. Lakini nayo ina ukimya wake: haisemi fundi huyo anatakiwa asome nini, wala ngazi zile nne za kisomo hazina mahali pa kusimama ndani yake.

Ukimya huo waonekana pia katika maneno. Neno kisomo, ambalo kwa watu wa pwani lilikuwa na bado lina maana ya kusoma Kurani kwa pamoja katika hitima au dua, lilichukuliwa na kampeni likawa jina la kujua herufi. Wanafunzi wake waliitwa ngumbaru, jina ambalo si kila mzee alilipokea kwa kicheko. Upande wa kazi ulishika ujuzi, stadi na, katika miaka ya karibuni, umahiri. Hili la mwisho lastahili kukosolewa. Katika Kiswahili cha watu, mahiri ni mtu aliyepita wenzake. Nahodha mahiri, mshairi mahiri, fundi mahiri. Mitaala ya leo hulitumia neno hilo kwa kile kiwango cha chini ambacho kila mtu hana budi kukifikia, hata husikika habari za umahiri wa chini, ambao ni sawa na kusema ubingwa wa mwanzo. Mkulima akiambiwa kwamba hajafikia umahiri, huelewa kwamba hajawa bingwa na hushangaa kwa nini anadaiwa ubingwa. Mtungaji wa mtaala alikusudia kusema kwamba hajaweza kazi hata kidogo. Neno uwezo lilikuwapo, fupi na wazi.

Mbingu ndipo pa kuona namna mambo haya yanavyogongana. Tangu mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikinunua hapo kakao mbichi kutoka kwa wakulima na kuitengeneza: punje zenye utomvu hutiwa katika masanduku ya mbao, hufunikwa, huachwa zipate moto na kugeuzwa kwa siku kadhaa, kisha huanikwa juu ya vichanja hadi zikauke. Kakao mbovu na kakao ya thamani hutokana na tunda lile lile; tofauti hutokea katika masanduku na juu ya vichanja. Katika biashara ya kakao ulimwenguni ubora hupimwa kwa kukata. Punje 300 hukatwa kwa urefu, moja moja, na nusu zake hutazamwa mahali penye mwanga. Huhesabiwa zenye ukungu, huhesabiwa zenye rangi ya kijivu, yaani ambazo hazikupata moto wa kutosha sandukuni, na huhesabiwa kwa pamoja zilizoliwa na wadudu, zilizoota na zilizosinyaa. Kakao ya daraja la kwanza hairuhusiwi kuzidi sehemu 3 katika kila 100 kwa kila kundi. Ya daraja la pili hupewa 4 kwa ukungu, 8 kwa kijivu na 6 kwa kundi la mwisho.

Hebu kazi hiyo iwekwe mbele ya ngazi nne za kisomo. Mtu wa kukata punje lazima ahesabu hadi 300 bila kupotea, atofautishe rangi, aandike tarakimu tatu chini ya vichwa vitatu. Kuhesabu na kuandika tarakimu ni kazi ya ngazi ya pili au ya tatu. Kutambua rangi hakumo katika ngazi yoyote. Asilimia nazo hazimo, wala hata katika ngazi ya nne hazikutajwa. Je, mtu asiyejua asilimia hawezi kazi? Anaweza sana. Msimamizi humwambia: zikipita 9 zenye ukungu, si daraja la kwanza. Hilo latosha, na mwenye jicho zuri aliyekomea ngazi ya pili atamshinda msomaji wa magazeti asiyejua kijivu na kahawia.

Basi hapo mtetezi wa kipimo cha kazi huona ameshinda, na husema kwamba kisomo si lazima. Lakini na aletewe siku moja mfuko mdogo ambao punje 200 tu zimechukuliwa. Aliyekariri 9 ataruhusu 9, naye amekosea, kwa kuwa kwa punje 200 mpaka ni 6. Aliyeelewa kwamba 3 katika 100 ni sehemu, wala si idadi, hatakosea. Hii ndiyo faida ya kisomo ambayo vipimo vyote viwili vimeikosa. Mtihani wa darasani hauioni, kwa kuwa hesabu zake ni za kujumlisha vitu visivyo na mahali. Jaribio la ufundi nalo haliioni, kwa kuwa humtazama mtu akitenda kazi aliyoizoea, katika hali aliyoizoea. Kisomo huonekana kazi inapobadilika. Kwa hiyo kipimo kinachotaka kuunganisha elimu na kazi sharti kimpe mtahiniwa kazi yake mwenyewe, kisha kibadili kitu kimoja.

Kosa la pili ni la kufikiri kwamba mahali pa kazi ni mahali pa mwajiri. Viwango vya nchi za viwanda vyaweza kudhani hivyo. Uchunguzi wa OECD juu ya uwezo wa watu wazima, ambao matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 2013 kwa nchi na maeneo 24 (Tanzania haikuwamo), ulitumia maandishi ya kila siku na ya kazini kama lebo, matangazo na majedwali, na kwa jambo hilo wastahili kuigwa. Lakini katika bonde la Kilombero watu wengi kuliko wote hawana msimamizi. Mahali pao pa kazi ni jaruba, ni mkakao ulio nyuma ya nyumba, ni mizani ya mnunuzi. Mkulima anayeuza kakao mbichi hana budi kujua kwamba kilo 3 hivi za mbichi hutoa kama kilo 1 ya kavu. Bila hesabu hiyo bei ya mbichi na bei ya kavu ni sauti mbili zisizolinganishwa, naye hawezi kujua kama ni heri kuuza leo au kuanika mwenyewe. Kwa kipimo cha mwajiri hesabu hiyo si ujuzi wa kazi, maana hakuna mwajiri anayemlipa mtu kwa kuijua. Kwa mkulima ndiyo ada ya shule.

Na mpunga ni vivyo hivyo. Kilimo shadidi, ambacho kimefundishwa katika mkoa wa Morogoro tangu mwisho wa muongo wa 2000, hutaka mche mmoja mchanga upandikizwe kila sentimita 25 kwa 25. Huo ni mraba, na eneo la mita moja ya mraba lina miche 16, hekta moja ina miche 160,000. Kamba yenye mafundo hutosha kupanda. Haitoshi kujua kitalu kiwe kikubwa kiasi gani, wala mbegu ya kununua iwe kilo ngapi. Kisha mavuno huja, na pamoja nayo lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake, ambalo Sheria ya Vipimo yalikataza na soko laliendeleza. Aliyefaulu ngazi ya nne aweza kusoma sheria hiyo gazetini asubuhi na kujazishwa kilemba jioni. Kwamba asome habari ya mizani ni jambo moja; kwamba aisome mizani yenyewe, na aweze kumwambia mnunuzi kwa maneno ya heshima lakini yasiyotetereka kwamba gunia limepita kilo 100, ni jambo lingine, nalo ni la lugha kama lilivyo la hesabu. Hakuna ngazi ya kisomo iliyowahi kupima maneno ya mtu anayebishana na mizani.

Lipo pingamizi zito dhidi ya kuunganisha vipimo hivi, na halipaswi kupitwa kwa haraka. UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, zilipotoa mwaka 1976 tathmini yao ya majaribio ya kisomo katika nchi 11, Tanzania ikiwa mojawapo, zilikiri kwamba kisomo kilikuwa kimebanwa mno na uzalishaji. Mtu alifundishwa kusoma ili pamba iongezeke, kana kwamba hana dini, watoto, madeni wala maoni. Tanzania ilijiepusha na sehemu ya kosa hilo kwa kuingiza siasa na mambo ya nyumbani katika vitabu vyake, na baadaye kwa MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, ambao uliwaachia wanakisomo wenyewe kuchagua watakalojifunza. Bonde lenyewe latoa onyo jingine. Shamba kubwa la mpunga la Mngeta, jirani na Mbingu, limebadili wenyewe zaidi ya mara moja tangu lilipoanzishwa. Kiwango cha elimu kilichofungwa kwa kazi za shamba moja huondoka na mwenye shamba. Masanduku ya kakao nayo hayana ahadi ya milele.

Lakini pingamizi hilo lashambulia kisomo kinachoitumikia kazi, wala haligusi kipimo kinachotumia vitu vya kazi. Hizi ni habari mbili. Mtu akipewa stakabadhi ya mauzo ya kakao aisome, aone kosa la kujumlisha lililomo na aandike barua fupi ya kulalamika, amepimwa kusoma, kuhesabu na kuandika kwa pamoja, na ujuzi huo utamfuata akihamia kwenye miwa ya Kidatu au akirudi kwenye ufuta. Aliyejumlisha 348 na 275 katika karatasi tupu amepimwa kitu kimoja tu, na hakuna ajuaye kama atakitumia.

Kwa upande wa cheti cha ufundi, jambo linalotakikana ni dogo zaidi na gumu zaidi. Kila kazi inayorasimishwa iandikiwe, kwa Kiswahili cha wazi, ni maandishi gani ambayo mtenda kazi hana budi kuyasoma, na ni yapi ambayo mwingine aweza kumsomea. Seremala anayepokea vipimo kwa mdomo asinyimwe cheti kwa kushindwa kuandika. Anayechanganya dawa ya kunyunyizia mashamba asipewe bila kusoma lebo, hata awe na miaka 20 kazini, kwa kuwa lebo hubadilika na sumu haisamehi mazoea. Utofauti huo leo haujaandikwa mahali pamoja. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina elimu ya upande mmoja, VETA ina ya upande mwingine, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ifakara, ambacho kwa asili ya vyuo hivyo, vilivyoanzishwa mwaka 1975 ili kuwapokea waliomaliza kisomo, kilipaswa kuwa daraja, ndicho mahali pa kufaa pa kuanzia.

Kazi ya wanalugha hapo si ndogo. Tendo la kuacha kakao ipate moto sandukuni laitwa na wengine kuvundika, na wengine kuchachusha. La kwanza lina heshima ya zamani, kwani ndizi na tumbaku huvundikwa, lakini linakaribiana na kuvunda, ambako ni kuoza. La pili lina kuchacha ndani yake, na chakula kilichochacha hutupwa. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani kama kakao iliyochachuka ni nzuri au mbaya, ajibu nini? Kuvundika laelekea kufaa zaidi, maana lina mkono wa mtu anayetenda kwa kusudi. Ama punje ya kijivu, ile ambayo haikupata moto, bado haina jina moja linalokubalika. Punje isiyovundika ni jina refu kwa mtu anayehesabu punje 300, na punje ya kijivu lataja rangi bila kueleza sababu yake. Jina lifaalo lingetafutwa kwanza vinywani mwa wanaozikata, kabla halijaingizwa katika mtihani wowote.